Je, Wajua? Mabosi wa televisheni, kutoka Vugiri hadi kwenye king'amuzi

Je, wajua kwamba karibu miaka 60 kabla ITV haijawashwa Dar es Salaam, milima ya Usambara ilikuwa na makao yake ya kutengeneza picha za kuwaonyesha wananchi? Yalikuwa Vugiri, juu ya Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya New York na wasimamizi walikuwa Baraza la Kimataifa la Misheni. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis, Mmarekani aliyekuwa amechunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Aliyeibeba kazi yenyewe pale mlimani ni Meja L. A. Notcutt, na utamu wa habari uko kwake. Hakutoka Hollywood wala studio yoyote ya London. Alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge. Miaka ya 1920 aliwaza kwamba manamba wakioneshwa sinema palepale shambani watatulia kazini, akaanza kupiga filamu zake mwenyewe na vibarua wakawa waigizaji. Miaka michache baadaye meneja huyo wa mkonge akajikuta anaongoza mradi wa filamu uliohudumia Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Filamu zilikuwa za milimita 16 na kwa jumla zilitengenezwa 35. Mada zake anayezijua taarifa za saa mbili usiku atazitambua mara moja: safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kodi, chai, soko la kahawa. Moja ilihusu akiba ya Posta. Mtu anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazichimbua, na mwenzake aliyeziweka Posta anabaki salama. Nyingine, Gumu, ilimfuata mtu wa shamba anayeingia mjini na kuyakuta ya mjini. Ukiondoa kofia za kikoloni, hadithi hiyo bado inatengenezwa Dar es Salaam kila mwaka, tena kwa bajeti ndogo zaidi.

Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Sauti ilirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili, Kiganda, Kikuyu, Kibemba na lugha nyingine, kisha mwendesha mtambo alitakiwa aende sambamba: picha huku, santuri kule. Akichelewa kidogo, daktari kwenye kiwambo anaongea kwa sauti ya mgonjwa. Lori lenye jenereta lake lilizunguka makoloni hayo likibeba mtambo, filamu na santuri. Bajeti, lugha, usafiri, umeme, watazamaji wanaolalamika: ndiyo yaliyo mezani kwa mkurugenzi yeyote wa kituo kidogo cha televisheni leo, isipokuwa Notcutt hakuwa na mtangaza biashara wa kumbembeleza.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Watu wa mradi ule waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, wakatengeneza filamu za polepole zenye kufundisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka 1937 Notcutt na mwenzake G. C. Latham walichapisha kitabu cha kueleza walichokifanya, wakitumaini serikali zitaendeleza kazi. Fedha hazikuongezwa, mradi ukafungwa. Kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu. Moja ni ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ya tatu inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Na kama mtu wa Vuga, mlimani Usambara, atashangaa vipi meneja wa mkonge akawa bosi wa sinema, akumbushwe historia yake mwenyewe. Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi Usambara, aliingia mlimani akiwa mwindaji kutoka Nguu. Alikuwa mgeni mwenye mbwa na mikuki, akagawa nyama, akapewa nchi. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Kutawala kwa ujuzi ulioupata kwenye kazi nyingine ni jambo la kale sana milimani huku.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja? Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962 na Uganda 1963, zote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Hata Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilifungua televisheni ya taifa mwaka 1976 tu. Bara ikangoja. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa kwa nchi ambayo wengi wake hawana umeme wala maji, redio ikatosha. Waliokaa pwani walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa wakiiwinda TVZ, televisheni ya Zanzibar, na waliobahatika waliona rangi, wengine waliona chenga.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi. Mwaka uliofuata ITV ikaingia hewani. Serikali yenyewe ilichelewa zaidi: Televisheni ya Taifa, TVT, ilizaliwa karne ikigeuka. Yaani Bara wananchi walianza kuangalia televisheni ya mfanyabiashara kabla ya kuangalia ya serikali yao. Katika nchi iliyotoka kwenye ujamaa, hilo lina ucheshi wake.

Je, wajua mabosi hawa wa mwanzo walikuwa watu wa kazi gani? Reginald Mengi, mwenye ITV, alikuwa mhasibu. Alikulia Machame, akasomea uhasibu Uingereza, akapanda hadi kuiongoza kampuni ya ukaguzi wa mahesabu ya Coopers & Lybrand nchini kabla ya kuiacha mwaka 1989. Biashara yake ya kwanza ilikuwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Alifariki Dubai mwezi Mei 2019, na kwa miaka mingi mtu aliyeonekana akiiendesha ITV na Radio One kila siku ni mwanamke, Joyce Mhaville, Mkurugenzi Mtendaji.

Mwanza, Star TV ilijengwa na Anthony Diallo, aliyekuwa mbunge na waziri. Morogoro ndiko penye mfano ninaoupenda zaidi. Aziz Abood, ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa mabasi yanayopita Chalinze usiku na mchana, aliongeza redio na televisheni kwenye biashara yake, na baadaye ubunge wa Morogoro Mjini. Ukilifikiria, si mbali sana na Notcutt na lori lake. Mwenye mabasi anaijua ratiba, anajua kwamba gari likichelewa abiria anahamia kwa jirani, na anajua fundi mzuri ana thamani kuliko kiyoyozi cha ofisini. Kituo cha mkoani kinahitaji hayo hayo.

Na nani aliyepewa kuiongoza Abood Media? Julius Nyaisanga, Anko J, sauti ambayo kizazi kizima kiliijua tangu Radio Tanzania na baadaye Radio One. Wengi wa rika lake walipozeeka kazini walibaki Dar es Salaam. Yeye akaenda Morogoro kufundisha vijana wa kituo cha mkoa namna ya kushika kipaza sauti, na hukohuko ndiko alikofariki mwaka 2013. Kazi ya bosi wa kituo kidogo haiandikwi magazetini: asubuhi unasoma taarifa ya habari kabla haijasomwa, mchana unamtafuta mdhamini wa kipindi, jioni mtangazaji wako bora amechukuliwa na kituo cha jiji kwa mshahara mara mbili. Kila baada ya miezi kadhaa unaanza upya na kijana mwingine. Vituo vya mikoani vimekuwa shule ya bure ya vituo vya Dar es Salaam, na sijaona kituo cha Dar es Salaam kinachokilipa cha mkoa ada.

Je, wajua kwamba mtu aliyeiongoza televisheni ya taifa katika mabadiliko yake makubwa alianza kwa kutangaza mpira redioni? Tido Mhando, ambaye jina lake la ukoo halina ugeni masikioni mwa mtu wa Tanga, aliingia Radio Tanzania Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mpira wa redioni ni chuo kigumu: msikilizaji haoni kitu, kila pasi lazima uichore kwa maneno, na ukinyamaza sekunde tano watu wanadhani betri zimekwisha. Kutoka huko alifika London na kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwaka 2006 akarudi nyumbani kuiongoza TVT. Chini yake TVT na redio ya taifa zikawa TBC, na shirika likaingia ubia na StarTimes ya China kuanzisha kampuni ya kusambaza matangazo ya dijitali.

Mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa 2010 haukuongezwa. Akaenda kuongoza Mwananchi Communications, yaani magazeti, kisha Azam Media. Mwaka 2018 alifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka yaliyohusu mikataba ya enzi zake TBC, na Januari 2019 mahakama ikamwachia huru. Redio, shirika la utangazaji la kigeni, televisheni ya umma, magazeti, televisheni ya kulipia, na katikati ya safari kizimba cha mahakama. Anayetaka kujua ukurugenzi wa televisheni Tanzania ni kazi ya namna gani asome wasifu huo kabla hajatuma barua ya maombi. Sahihi ya mkurugenzi kwenye mkataba wa mitambo inaweza kumfuata miaka minane baada ya kukabidhi ofisi.

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kuzima mitambo ya analojia? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekubaliana tarehe 31 Desemba 2012, ingawa makubaliano ya kimataifa yalitoa muda hadi 17 Juni 2015. Tanzania ikaizima Dar es Salaam siku ileile iliyoahidiwa. Dodoma na Tanga zikafuata mwisho wa Januari 2013, Mwanza Februari, Moshi na Arusha Machi, Mbeya Aprili. Kenya ilizima mwaka 2015 baada ya mvutano mkali, vituo vikubwa vinne vikakaa gizani kwa wiki kadhaa vikigoma.

Naibu Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia wakati huo alikuwa January Makamba, mbunge wa Bumbuli, kwenye milima hiihii ya Usambara. Ratiba ile ya miji saba haikuitaja Lushoto, mji wa milima hiyo. Sababu si siasa, ni mwamba. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka, na kinacholizuia jicho kuona karibu kila mara huyazuia na mawimbi. Toka Tanga mjini hadi Lushoto ni kama kilomita 95 ukinyoosha mstari angani, lakini mstari huo unagonga Usambara ya Mashariki kabla ya kuvuka bonde la Lwengera na kugonga tena Usambara ya Magharibi. Mwenye nyumba juu ya kilele angeweza kupata picha, na jirani yake aliye bondeni, umbali wa kwenda kuazima chumvi, asipate chochote.

Mlima huohuo ukiwa na mtambo juu yake ni hazina. Mnara uliosimama mita 1,000 juu ya tambarare unaweza kuwafikia watu walio umbali wa kilomita 130 hivi, maadamu hakuna kilima kingine katikati. Aliyewahi kusimama kwenye jabali la Irente na kuitazama Mazinde kule chini anaelewa bila kupewa hesabu. Kwa hiyo mlima unawapa picha watu wa tambarare na kuwanyima watu wake wenyewe waliojificha kwenye mikunjo yake. Hao wa mikunjoni wanahitaji mitambo midogo midogo ya kurudishia matangazo, na kila mtambo unataka umeme, njia ya kufikia, mlinzi, na kinga ya radi. Hapo ndipo mhasibu wa kituo anapofunga daftari.

Dijitali ilibadilisha pia maana ya kuwa bosi wa kituo. Zamani mwenye televisheni alikuwa na mnara wake: ukizima, unajua fundi wako amelala. Baada ya 2012 kazi zikatenganishwa. Kituo kinatengeneza vipindi, na kampuni nyingine yenye leseni ya kusambaza mawimbi inavibeba pamoja na vya washindani wake kwenye masafa mamoja. Majina ya ving'amuzi vya wakati ule yako bado kwenye masanduku ya watu: StarTimes, Ting, Continental, Digitek. Mkurugenzi akageuka mpangaji. Analipa kodi kwa mwenye mnara kila mwezi, na akichelewa, picha yake ndiyo inayoondoka.

Kisha Agosti 2018 likaja jambo jingine. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wenye ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti waviondoe vituo vya kutazamwa bure, kama ITV, Channel Ten na Star TV, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuviuza. Kisheria hoja ilikuwa na miguu. Lakini kwa mtu wa Mlalo au Mtae, ambaye king'amuzi cha antena hakimfikii vizuri na tegemeo lake ni dishi, vituo vya bure vikawa ndivyo visivyopatikana. Kanuni zilikuja kurekebishwa baadaye.

Mpira ndio ulioingiza madishi vijijini, sio habari. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 225.6. Mtu asiye na king'amuzi anakwenda kibanda umiza, analipa kiingilio, anabanana na wenzake kwenye benchi na kuondoka na mgongo unaouma. Mwenye kibanda naye, tukisema kweli, ni mkurugenzi wa aina yake: anachagua mechi ipi ionyeshwe, anapanga bei, anazima fujo za Simba na Yanga, na Ligi ya England ikigongana na ya nyumbani anafanya uamuzi ambao bosi wa Dar es Salaam angeitisha kikao kwanza.

Je, wajua kuwa sasa mtu anaweza kuwa bosi wa televisheni akiwa na simu tu? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka kila mwenye televisheni ya mtandaoni akate leseni. Gharama za kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni ya kwanza na milioni moja ya kila mwaka. Kwa kijana wa Soni anayerekodi mbio za baiskeli na mikutano ya kijiji, hiyo ni bei ya kamera, kompyuta na pikipiki iliyochoka. Ada ilipunguzwa baadaye. Katika kundi hili mkurugenzi, mpiga picha, mhariri na dereva ni mtu mmoja, na bado watu wanamwita "Mkurugenzi" bila utani.

Tumalizie na dishi, kwa kuwa ndilo linaloleta maswali mengi milimani. Setilaiti ya DStv imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, na Lushoto iko kwenye nyuzi 38 na ushee, nyuzi tano kasoro kusini mwa ikweta. Maana yake setilaiti iko karibu utosini, kama nyuzi 84 kutoka upeo wa macho. London, watu wanaelekeza madishi yao chini, kwenye nyuzi 25 hivi, jengo la jirani likiweza kuwazuia. Azam hutumia setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lake hapa Lushoto huelekea magharibi na kuinuka nyuzi 53 hivi. Bonde linalomnyima mtu mnara wa Tanga haliwezi kumnyima setilaiti ya utosini, lakini ukuta wa mlima ulio upande wa magharibi, au mgrivea mmoja mrefu wa jirani, unaweza kuikata ya Azam.

Na ule ukungu unaolaumiwa kila asubuhi picha ikikwama hauna hatia. Matone yake ni madogo mno kuyasumbua mawimbi ya setilaiti. Kinachoyameza ni mvua nzito, ile ya masika inayonyesha hadi Magamba haionekani, na dawa yake ni dishi kubwa zaidi lililoelekezwa sawasawa. Likipungua shabaha kwa nyuzi moja tu, siku ya jua utaona picha safi na hutajua kuna tatizo mpaka Aprili ifike.